LPT: njia ipi itakwambia ni nini kimechomekwa nyuma ya kompyuta? Nimezijaribu, nazilinganisha hapa

Mzee mmoja alinijia na CPU ya zamani kaifunga kwenye mfuko wa salfeti, na boksi la pili ndani yake kuna printa ya riboni, skana bapa kama sinia, kidude cha Zip cha bluu (cha kusomea diski), na kaplagi kadogo ka kijivu ambako wengi wanadhani ni adapta tu kumbe ni kifunguo cha leseni, dongli. Swali lake lilikuwa moja tu. "Kijana wangu, humu kipi kizima na kipi nitupe?" Nikamwambia mzee niachie siku mbili, nikijua kabisa siku mbili hazitatosha, kwa sababu vyote vinne vinaingia kwenye tundu lile lile moja, ile poti pana ya matundu 25 iitwayo LPT au poti ya paraleli, ambayo kizazi cha USB hakijawahi kuigusa.

Sasa ukienda kutafuta utaambiwa "fungua Device Manager" au "washa Linux uone" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kila njia inajibu swali lake, na ukiuliza swali la printa kwa kifaa kisicho printa utajibiwa kimya, na kimya hicho ndicho kinachofanya watu watupe vitu vizima.

Kwanza uelewe kwa nini ni kazi. USB ukichomeka tu, kifaa chenyewe kinavuta waya mmoja juu na kompyuta inajua papo hapo kuna mgeni mlangoni. Poti ya paraleli haina hodi. Ilitoka kwa printa za Centronics za mwaka 1970 na IBM wakaiweka kwenye PC yao ya 1981 kwa kazi moja, kutuma herufi kwa printa. Nyaya nane za data zinatoka (pini 2 hadi 9), nne za amri zinatoka (1, 14, 16, 17), na tano tu ndio zinarudi, pini 10, 11, 12, 13 na 15: nimepokea, niko bize, karatasi zimeisha, niko tayari, nina hitilafu. Basi. Hakuna waya wa kusema "mimi ni fulani". Chochote utakachokijua kuhusu kifaa kilicho upande wa pili kitapitia hizo nyaya tano za malalamiko ya printa.

Kabla ya programu yoyote, macho. Nalisema hili kwa sababu limeshaua vifaa. Tundu la pini 25 la kike nyuma ya PC ni LPT, la kiume la pini 25 ni siriali, na kwenye Macintosh za zamani tundu la kike lile lile la 25 ni SCSI, njia nyingine ya kuunganishia diski na vifaa, ambayo ni mambo mengine kabisa. Zip nayo ilitoka ya LPT na ya SCSI, zote na matundu ya 25, zote za bluu, ukiziweka meza moja ni pacha. Ya SCSI utaijua kwa swichi ndogo nyuma za kuchagua namba 5 au 6 na ya kufunga mwisho wa mnyororo. Ukiona swichi hizo usiichomeke kwenye LPT ati "nijaribu tu". Na LPT yenyewe si ya kuchomeka na kuchomoa umeme ukiwa unawaka, zima kwanza pande zote mbili, poti nyingi zimekufa kwa haraka hiyo.

Haya, tuingie kwenye njia zenyewe.

Ya kwanza ni ya kienyeji na mi naipenda kuliko zote, kusoma rejista (vijisanduku vya namba ndani ya poti) kwa mkono. LPT ina anwani tatu za asili: 378, 278 na 3BC, zote kwa heksa (hesabu ya kumi na sita), hiyo 3BC ilikuja na kadi ya skrini nyeusi-nyeupe ya IBM iliyokuwa na poti ya printa pembeni. Ukiwa kwenye DOS au umewasha mashine kwa diski ya Windows 98, andika DEBUG halafu

d 40:8

utaona baiti zinaanza na mfano 78 03, maana yake bayosi (programu inayoamsha kompyuta) imepata poti ya kwanza pale 378 (namba imegeuzwa, ndogo inatangulia). Zikiwa sifuri tupu basi bayosi haijaona poti yoyote, nenda kwenye setapu uangalie isije ikawa imezimwa. Ila hapa ndipo watu wanapojidanganya, hiyo orodha inasema kuna poti, haisemi kuna kifaa. Bayosi inapowaka inaandika namba kwenye rejista ya data na kuisoma tena, ikirudi ile ile inahesabu poti ipo, hata kama nyuma kuna buibui tu.

Kujua kama kuna kitu unasoma rejista ya pili, ya hali, anwani moja mbele:

i 379

Kwenye Linux hiyo hiyo unaipata hivi, kama ruti (889 ndio 379 ya heksa):

dd if=/dev/port bs=1 skip=889 count=1 | xxd

Ikikataa na Secure Boot imewashwa, sababu ni hiyo, keneli (kiini cha Linux) inafunga mlango huo, izime kwenye bayosi ujaribu tena.

Sasa namba inayotoka ndio utamu wenyewe. Biti ya 7 ni "bize" lakini imegeuzwa, ya 6 ni "nimepokea", ya 5 karatasi, ya 4 niko tayari, ya 3 hitilafu, tatu za mwisho usizijali. Printa ikiwaka ina karatasi na taa ya onlaini inawaka utaona DF, au D8 ikiwa hizo biti za mwisho zinasoma sifuri kwenye mashine yako, ni kitu kimoja. Toa karatasi, biti ya 5 inapanda na ya 3 inashuka, mara nyingi inatoka 77 au jirani yake. Ukichomoa kebo kabisa pini zinaelea juu na unapata 7F au 78. Na kebo ikiwa imechomekwa lakini printa imezimwa, nyingi zinavuta pini zote chini na unaona 87 au 80, japo si zote, kuna zinazodanganya.

Kwa hiyo bila draiva hata moja, bila intaneti, umeshatofautisha hali nne: hakuna kitu, kuna kitu kimezimwa, kuna printa iko tayari, kuna printa inalia njaa. Kwenye printa ya mzee ilitoka 7F. Imewaka, taa inawaka, karatasi ipo, lakini 7F. Nikajua hapo hapo kosa si printa, ni njia. Kebo. Nikabadilisha, DF. Dakika tano. Hakuna dirisha la Windows lingenionyesha hilo, lingeniambia tu "printa haijibu" nikaanza kuhangaika na draiva mpaka jioni.

Udhaifu wake? Haijui jina. DF ni DF, iwe ya Epson au ya HP. Na kwa dongli au Zip namba hizo hazina maana ya printa, utaona kitu cha ajabu ajabu tu. Pia kadi za kuongezea za PCI hazikai 378, zinapewa anwani yoyote, inabidi uangalie lspci -v kwenye mstari wa I/O ports ndio ujue usome wapi. Na kwenye Windows kuanzia familia ya NT programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa poti moja kwa moja, inabidi uweke kitu kama InpOut32, mi sioni raha yake, flashi ya Linux ni nyepesi zaidi.

Njia ya pili ndiyo ya heshima, kuuliza jina. HP walianza mambo haya 1992 na LaserJet 4 wakayaita Bi-Tronics, na 1994 ikawa sheria rasmi ya IEEE 1284. Ujanja wao ulikuwa wa kibahili kweli: nyaya za kurudi ni tano tu, basi watumie nne kurudisha biti nne, halafu nne nyingine, baiti moja kwa safari mbili. Hiyo ndio modi ya nibo, na uzuri wake inafanya kazi hata kwenye poti ya kizamani kabisa isiyojua kupokea.

Mazungumzo yenyewe yako hivi. Kompyuta inaweka namba 04 kwenye nyaya za data, maana yake "nipe kitambulisho chako kwa nibo", inapandisha pini 17 na kushusha pini 14. Kifaa kinachojua 1284 kina milisekunde 35 za kujibu kwa kushusha pini 10 na kupandisha nyingine tatu. Kisichojua kinakaa kimya, na kompyuta inarudi kwenye hali ya kawaida bila ugomvi. Kikijibu kinatoa mstari wa maandishi, baiti mbili za mwanzo ni urefu, halafu kitu cha namna hii:

MFG:Hewlett-Packard;MDL:HP LaserJet 1100;CLS:PRINTER;

Kuna printa zinakosea hata hapo, zinageuza hizo baiti mbili za urefu au zinasahau kuzihesabu zenyewe, na ndani ya keneli ya Linux kuna kodi kabisa ya kubahatisha urefu wa kweli ni upi. Nilicheka nilipoiona, fundi aliyeandika lazima aliteseka.

Kwenye Linux huhitaji kuandika chochote, keneli inauliza yenyewe pale moduli ya poti (draiva yake) inapopakiwa:

modprobe parport_pc
cat /proc/sys/dev/parport/parport0/autoprobe

Kama printa imejibu utaona CLASS, MODEL, MANUFACTURER na kadhalika. Pembeni yake kuna faili autoprobe0 hadi autoprobe3, hizo ni za vifaa vya mnyororo, maana nyongeza ya 1284.3 inaruhusu hadi vinne vifuatane kwenye poti moja, kila kimoja na namba yake 0 mpaka 3.

Shikilia hapa kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: inauliza mara moja tu, wakati wa kupakia. Ukiwasha kompyuta kwanza halafu printa baadaye, faili litabaki tupu hata usome mara mia. Toa moduli kwa mpangilio, lp, ppdev, halafu parport_pc, kwa rmmod, washa printa, pakia upya, soma tena. Nimeona mtu kabadilisha printa nzima kwa kutojua hili.

Kingine ni kebo. Zile kebo za bei ya chini za enzi hizo hazikuwa na nyaya zote, kuchapisha zinachapisha vizuri tu kwa sababu kuchapisha hakuhitaji zote, lakini pini 14 au 17 ikiwa haijaunganishwa mazungumzo ya jina hayafanyiki. Kebo nzuri imeandikwa IEEE 1284 kwenye ganda lake. Kwa hiyo ukiwa na DF kwenye rejista lakini autoprobe tupu, una mambo matatu ya kushuku kwa mpangilio huu: ulichelewa kuwasha printa, kebo pungufu, au printa ni ya kabla ya 1994 na haina jina la kukwambia.

Ya mzee? Tupu. Printa ya riboni ya zamani, bubu. Ndio hivyo, jina nikalisoma kwenye stika mgongoni mwake kama binadamu wa kawaida.

Ukiziweka njia hizi mbili pembeni kwa pembeni, ya kwanza inakwambia hali bila jina, ya pili jina bila hali. Watu wanaipenda ya pili kwa sababu inaonekana ya kisasa, lakini kwa fundi anayetafuta ugonjwa hali ina faida kuliko jina. Jina unalihitaji ukitafuta draiva. Na kuna tofauti moja kubwa sijaona watu wakiisema: ya kwanza inasoma tu, ya pili inaandika. Kuuliza jina maana yake ni kuchezesha nyaya za data na za amri. Keneli ikitafuta mnyororo wa 1284.3 inatupa baiti AA 55 00 FF 87 78 mfululizo kwenye nyaya za data. Kwa printa haina neno. Kwa mashine ya CNC ya kukatia mbao ambayo bodi yake imechomekwa LPT, nyaya hizo hizo ndio hatua za mota na swichi ya spindo! Bodi hizo hazina jina la kujibu, hazijui 1284, zenyewe zinaona volti tu. Kwa hiyo ukiwa na CNC usithubutu kupakia lp na wenzake huku draiva za mota zina umeme, na hata kuwasha kompyuta tu bayosi inaandika kwenye poti kama nilivyosema juu, kwa hiyo umeme wa mota uje mwisho, baada ya kompyuta kumaliza kuamka. Kwa CNC njia ni ya kwanza peke yake: bonyeza swichi ya mwisho wa reli kwa kidole huku unasoma 379 ukaone biti ipi imegeuka. Unaijua pini, unaandika kwenye mipangilio ya LinuxCNC, umemaliza.

Windows sasa. Nitaipitia haraka kwa sababu haina mengi. Kuanzia Windows 95 nayo inauliza jina kwa 1284 hiyo hiyo, na ikipata inatengeneza kitambulisho chake chini ya LPTENUM kwenye rejistri ya Windows (si rejista za poti): herufi 20 za kwanza za mtengenezaji na modeli, nafasi zimegeuzwa kuwa mistari ya chini, na mwishoni tarakimu nne za kuhakiki. Huo mstari ndio wa kunakili ukitafuta draiva, ni bora kuliko kutafuta kwa jina la kwenye ganda. Kwa vifaa vya kizamani kuna kitiki kimejificha: Device Manager, Ports, Printer Port LPT1, Port Settings, "Enable legacy Plug and Play detection". Kwenye XP kwa kawaida hakijawekwa. Kiweke, washa upya, Zip na wenzake wanaanza kuonekana. Bila hicho utaapa kifaa kimekufa.

Faida ya Windows ni kwamba mteja anaona kwa macho, jina linatokea, anaridhika. Hasara ni kwamba ikishindwa haikwambii imeshindwa wapi. Mi naitumia mwisho, kuhakikisha, si kutafuta.

Ya nne ni kila kifaa na hodi yake. Zip, skana na dongli vilitengenezwa na watu ambao hawakusubiri sheria, kila kampuni ikabuni mfuatano wake wa siri wa kugonga nyaya, na ni draiva ya kampuni hiyo tu inayojua hodi hiyo. Vingi vina tundu la pili mgongoni ili printa ichomekwe nyuma yao, na vinalala usingizi vikipitisha data ya printa mpaka visikie hodi yao. Kwa hiyo ukisoma rejista utaona hali ya printa iliyo nyuma, ukiuliza jina utajibiwa na printa iliyo nyuma, na chenyewe hakitaonekana popote. Nasema tena: hakitaonekana. Si kwamba kimekufa, hujakiita kwa jina lake tu.

Zip iliyoanza kuuzwa 1995 yenye diski za megabaiti 100 ina draiva mbili kwenye Linux, ppa na imm, na ukipakia isiyo yake unapata kimya. Namna ya kuchagua ni rahisi ajabu, angalia kichwa cha kebo iliyokuja nayo, kikiwa kimeandikwa AutoDetect tumia imm, kisipoandikwa anza na ppa. Halafu soma dmesg (kumbukumbu za keneli), ikipatikana itakwambia imeona kifaa kwenye ID 6 na inajaribu modi gani, na diski inatokea kama diski yoyote ya sd. Kama inapatikana lakini inatambaa, nenda bayosi ubadilishe modi ya poti toka SPP (ya kawaida) kwenda EPP (ya kasi), tofauti utaisikia. Hii ya mzee ilikuwa imm. Ndani ya diski zake kulikuwa na barua na hesabu za duka za miaka ya tisini, alikaa kwenye kiti changu akizisoma kwa sauti, kazi ikasimama nusu saa nzima.

Skana ni kichwa kingine. sane-find-scanner, ya SANE (programu za skana za Linux), kwa kawaida hata haigusi LPT, inabidi uongeze -p, na hata maelezo yake yenyewe yanakiri skana nyingi za LPT haitaziona. Unachofanya ni kujua modeli kwenye stika, kuchagua draiva ya SANE inayohusika kwa mkono (kuna canon_pp, mustek_pp, umax_pp, plustek_pp na nyinginezo), kuandika poti kwenye faili lake la mipangilio, halafu scanimage -L. Kama modeli yako haimo kwenye orodha ya SANE basi tafuta mashine ya Windows 98 na sidii yake ya draiva, na kama sidii haipo, mi ningeachana nayo, skana ya USB ya mtumba haikushindi. Ya mzee niliishia hapo.

Dongli ndiyo ngumu kuliko zote kwa makusudi, kwani kazi yake ni kutojulikana. HASP, Sentinel na ndugu zao hawana jina la 1284, hawana hali, wanapitisha kila kitu, na wanaamka tu programu yao ikiwauliza swali lao. Hakuna kifaa cha jumla cha kuzitambua. Njia pekee ni kuweka draiva ya mtengenezaji na programu yenyewe inayolindwa, ikifunguka ni nzima, isipofunguka jaribu kutoa printa nyuma yake, kubadilisha modi ya bayosi kutoka ECP (nayo ya kasi) kwenda SPP, halafu ndio uikatie tamaa.

Imebaki ile kebo ya USB kwenda LPT ambayo kila mtu anakimbilia kununua kwa sababu laptopu haina poti. Hapa sina huruma: ni ya printa, nukta. Kompyuta inaiona kama printa ya USB, haiundi anwani ya 378, huwezi kugusa pini moja moja, kwa hiyo Zip hakuna, dongli hakuna, CNC hakuna, skana hakuna. Ila kwa printa ina kitu kizuri, kundi la printa la USB lilirithi mstari ule ule wa jina wa 1284 bila kubadilisha, kwa hiyo Linux unausoma kirahisi:

cat /sys/class/usbmisc/lp0/device/ieee1284_id

na hapo hakuna mambo ya rmmod na modprobe, unachomeka unasoma. Kebo nyingine za bei ya kutupa zinarudisha tupu hata printa ikiwa na jina, hivyo utupu wake usiuamini.

Ukitaka poti ya kweli kwenye desktopu mpya nunua kadi ya PCI Express, au kwanza fungua kava uangalie mazabodi, baadhi ya za miaka ya karibuni zina safu ya pini 26 imeandikwa LPT haijatolewa nje tu, waya wake na bamba ni bei ya chai. Poti ya mazabodi inakaa 378 kama zamani, ya kadi haikai, na programu za zamani zilizoandikwa 378 kwa nguvu zitaipita kadi bila kuiona. Kwa hiyo kama lengo ni dongli ya programu ya zamani, chagua mazabodi. Kwa printa yoyote ile kadi inatosha.

Basi ningechagua hivi mwenyewe. Printa yenye ugonjwa: rejista kwanza, jina baadaye. Printa nzima inayotafuta draiva: jina, Linux au LPTENUM, na kama una laptopu tu basi kebo ya USB inakutosha. CNC na vitu vya kujitengenezea: rejista tu, na jina usiulize. Zip: imm au ppa, Windows mpya za biti 64 usijisumbue nazo. Skana: stika na orodha ya SANE. Kitu usichokijua kabisa, umekiokota, hakina hata stika: kisome 379 kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa, namba ikibadilika kuna uhai ndani, halafu uliza jina, halafu ndio uanze kujaribu draiva moja moja.

Kaplagi kale ka kijivu nilikuwa nimeshakaweka kwenye boksi la vyuma chakavu, maana kila njia ilinyamaza. Siku ya kuchukua mzigo mzee akaniuliza kako wapi, nikamwambia kamekufa. Akasema "hebu kachomeke uwashe ile ya hesabu." Ikafunguka.